Rafiki Yetu wa Kanada

Safari hii nilikwenda London kwa ajili ya urafiki tu. Sikuwa na haja ya daraja wala kasri. London nimeiona ya kunitosha: nimeiona alfajiri nikingoja basi huku vidole vya miguu vimekufa ganzi, na nimeiona kupitia madirisha ya nyumba za wazee, nikiwa nimeshika beseni la maji ya kuogeshea. Nilifanya kazi hiyo mpaka magoti yakakataa, nikastaafu, nikarudi kwetu Mombasa. Marafiki zangu wawili walibaki. Mmoja anakaa Edmonton, ile ya kaskazini mwa London, na ndiye aliyenipokea. Mwingine, niliambiwa kwa simu miaka kadhaa iliyopita, alihamia Kanada pamoja na bintiye.

Huyu wa Kanada ndiye aliyetufunza kazi. Yeye ni wa Malindi, mwenyeji wangu ni wa Tanga, nami wa Mombasa, na sote watatu tulikutana kwenye nyumba moja ya wazee kaskazini mwa London. Alikuwa ametutangulia. Alitufundisha kumwogesha mtu nusu nusu, upande unaooshwa ukiwa wazi na upande mwingine ukiwa chini ya taulo, ili asijione yuko uchi mbele ya mgeni. Alitufundisha kumshika mzee chini ya kiwiko kwa kiganja kilichofunguka, maana ukimshika kwa juu unamburura. Alitufundisha kupangusa uso kuanzia pembe ya ndani ya jicho kwenda nje. Siri ya maiti aijuaye ni mwosha, na siri za wazee wale tulizijua sisi.

Zamu ikiisha tulikuwa tukienda kwake. Alikuwa na fleti ndogo, mume alishamwacha, na binti mmoja mdogo aliyekuwa akijilaza kifudifudi juu ya zulia akiandika homweki. Tulikula wali wa nazi, tukavua viatu, kisha tukaanza kusengenya. Wazee hatukuwasengenya, tuliwasengenya watoto wao. Mtoto gani huyu anamleta mamake mahali kama pale, anamwacha na sanduku, halafu anarudi Krismasi na sanduku la chokoleti? Wanyama, tulisema. Hawana haya wala imani. Aliyekuwa na ulimi mkali kutupita sote ni huyo wa Malindi. "Mimi nikizeeka," alikuwa akisema, "mwanangu akinichoka na anitie ndani ya ndege. Lakini huku, wallahi, hata siku moja."

Nimeanza na hayo kwa sababu bila hayo, hasira yangu haitaeleweka.

Basi nilipofika Edmonton, siku ya kwanza tulilala, siku ya pili tulikula, na siku ya tatu nikamwambia mwenyeji wangu anipe namba ya Kanada nimpigie mwenzetu. Akasema huko sasa hivi ni usiku. Baadaye akasema simu imeharibika. Kesho yake akasema binti amebadilisha namba na hajaipata mpya. Mimi nina kasoro nyingi lakini mjinga si mojawapo. Kila Idi nilikuwa nikimpa mwanamke huyu salamu azifikishe, na kila Idi alinirudishia: anakusalimu sana, anasema baridi ya huko ni kali kuliko ya hapa, anakuombea dua. Sasa inakuwaje mtu anayetuma dua hana simu?

Jumamosi tukaenda sokoni. Mwenyeji wangu alikuwa akichagua mihogo, anaivunja ncha kuona kama ndani ni nyeupe, nami nilikuwa nimesimama nyuma yake nikilinda kikapu. Nikainua macho. Upande wa pili wa meza ya ndizi alikuwa amesimama mwanamke wa makamo, na koti la kazi lenye mistari ing'aayo. Uso wa mtoto huwezi kuusahau kama umemlisha. Nilimjua kabla hajanijua.

"Umekuja lini kutoka Kanada?" nikamuuliza.

Aliganda na kishada cha ndizi mkononi. Hakunitazama mimi, alimtazama mwenyeji wangu. Na mwenyeji wangu akaitazama mihogo.

"Anti," yule binti akasema, kisha akaendelea kwa Kiingereza, kama kawaida yake tangu utotoni. Kiswahili anakisikia chote lakini hukijibu kwa lugha ya shule. Alisema hajawahi kukaa Kanada. Alisema mama yake yuko hapa hapa, si mbali, kwenye nyumba ya wazee wenye ugonjwa wa kusahau. Alisema kama nataka kumwona nitamwona, atawapigia simu wanifungulie, lakini nisimwambie mtu yeyote. Aliyasema hayo upesi upesi huku akiwapisha watu wenye vikapu. Nilimwomba anuani akanipa. Kuhusu kutomwambia mtu, sikuahidi.

Tulirudi nyumbani na mihogo yetu. Mlango ulipofungwa tu, nikalipuka.

"Miaka yote hii unanitumia salamu za uongo! Zile dua alikuwa akiniombea nani? Wewe?"

"Ndiyo, nilikuwa nikikuombea mimi," akasema. "Dhambi iko wapi?"

"Kwa nini?"

Akakaa kwenye kochi bila kuvua koti. Aliniambia kwamba mwenzetu alianza kuacha gesi wazi. Akaanza kutoka na gauni la kulalia kwenda kituo cha basi, ati amechelewa kazini, na polisi wanamrudisha. Binti anafanya kazi Hayes, magharibi ya mji, kwenye ghala la uwanja wa ndege, leo shift ya mchana kesho ya usiku, ndugu hana, mume hana. "Social worker akaja, akasema ama apelekwe mahali pa salama ama wao watampeleka wenyewe. Mtoto akanijia hapa, akalia, akanishika miguu. Akasema, Anti, watu watasema nini? Ungemwambia nini wewe? Mtu husitiriwa, shoga. Tukasema Kanada. Kanada ni mbali, hakuna mtu wetu huko."

"Na wewe huenda kumwona?"

"Nikienda nitaonekana. Wasichana wetu wanafanya kazi kila nyumba ya wazee hapa. Akiniona mmoja, imekwisha."

"Kwa hiyo mmemficha mpaka na nyinyi wenyewe hamumwoni."

"Usinipigie kelele nyumbani kwangu," akasema. Akaenda jikoni kumenya mihogo, na kwa jinsi kisu kilivyokuwa kikigonga ubao nilijua ameumia. Sikumwonea huruma. Mficha maradhi kifo humuumbua, na tena haya hayakuwa hata maradhi yake.

Jumatatu nilipanda basi peke yangu. Safari yenyewe ilikuwa fupi hivi kwamba nilipata hasira upya. Ilikuwa nyumba ya matofali mekundu, mlango wenye namba za kubonyeza, na ndani ile harufu ninayoijua: mboga zilizochemshwa kupita kiasi, dawa ya sakafu, na mkojo chini ya vyote viwili. Msichana wa Kighana mwenye sare ya samawati alinipokea vizuri. Akanionyesha ukumbi. "Yuko kazini," akaniambia kwa Kiingereza, akatabasamu, nami sikumwelewa.

Nilimwelewa punde. Mwenzangu alikuwa akitembea ukumbini na taulo zilizokunjwa juu ya mkono, mgongo wima, anasimama kwenye kila kiti. Hapa anavuta blanketi limfunike bibi magoti, pale anasogeza kikombe kisimwagike. Alikuwa amekonda. Sweta aliyovaa haikuwa yake, na mtandio alifungwa kisogoni, kwa mikono ya mtu asiyejua mtandio hufungwaje. Lakini mwendo ulikuwa ule ule. Aliniona, akaweka taulo chini, akanijia na sauti ile ya kazini ambayo sote tulikuwa nayo, Kiingereza laini cha kuwatuliza watu.

"Habari yako, mpenzi. Wewe ni mgeni hapa? Usiogope. Njoo nikukalishe."

Akanishika chini ya kiwiko, kiganja kimefunguka. Alinikalisha mimi. Akaniletea chai, akapima joto lake kwanza kwa kudondosha tone kwenye kifundo cha mkono wake, akanipa.

Nikamwambia kwa Kiswahili, "Shoga yangu, ni mimi."

Alishtuka, uso ukafunguka wote. Akavuta kiti karibu yangu, akatazama kushoto na kulia kama mtu anayeogopa msimamizi. "Kumbe u wa kwetu!" akanong'ona. "Ya Rabi! Wa wapi?"

"Mombasa."

"Mombasa! Mamangu, na nani kakuleta hapa? Mwanao?"

Nikaitazama chai.

"Mwanao," akajijibu. Akatikisa kichwa kwa uchungu. "Na watu wa kwetu nao wameanza. Mimi nilidhani ni Wazungu tu. Unamwona yule pale dirishani? Mwanawe haji. Yule wa sweta ya kijani, binti huja mara moja na simu mkononi. Wanyama. Hawana haya." Akanisogelea zaidi. "Wangu mimi hawezi. Mimi mwanangu nimemlea. Nikishindwa na kazi atanirudisha Malindi."

Machozi yakanitoka. Sikuyazuia na sikutaka kuyazuia. Akachukua kitambaa, akanipangusa kuanzia pembe ya ndani ya jicho kwenda nje, taratibu. "Usilie, bibi. Watakuja. Wasipokuja, mimi niko zamu leo."

Nimewaona watu wakifa mikononi mwangu katika kazi ile, na hakuna kifo kilichonifanya vile. Kumwona mtu hajui kwamba anayemsikitikia ni yeye mwenyewe! Na mimi ndiye mtu pekee ukumbini niliyeelewa anachosema.

Wakati wa kuondoka, yule msichana wa Kighana alinisindikiza mlangoni. Alisema hana shida hata kidogo, anawasaidia. Humpa taulo azikunje, kisha huzikunjua nyuma ya pazia na kumrudishia. Halafu akasema, bila ubaya wowote, "Tumefurahi umekuja. Binti yake huja Jumapili akipata nafasi. Zaidi ya hapo hakuna. Sisi tulidhani hana watu."

Hana watu. Maneno hayo niliyabeba kwenye basi mpaka Edmonton. Kwetu mtu akilazwa hospitali kwa homa tu, wodi hujaa hadi wauguzi wanafukuza. Kumtazama mgonjwa si hiari, ni deni. Jirani ambaye hujasema naye mwaka mzima, akiugua unakwenda, unabeba uji, unakaa kitandani kwake, mnasahau mlichogombania. Na mwanamke huyu, aliyewapikia nusu ya watu wa pwani waliowahi kushuka London na sanduku moja, hana watu. Nilijiambia kwamba hawaji kwa sababu hawajui. Wakijua watakuja. Hilo ndilo nililolitaka, na sikutaka jingine: watu wake waje, asikie lugha yake, auguzwe kama mtu wa kwetu.

Ijumaa ilikuwepo hitima. Mwanamke mmoja alifiwa na mamake huko Mombasa, wakakodi ukumbi. Tulikuwa jikoni, wanawake watupu, tunapakua pilau kwenye sahani za karatasi, wakati mmoja wao alipomgeukia mwenyeji wangu akasema kwa uchangamfu, "Na yule dada yetu wa Kanada hajambo? Jamani, pilau lake! Msalimie sana."

"Haj..." mwenyeji wangu akaanza.

"Hayuko Kanada," nikasema.

Alinikanyaga mguu. Nikauondoa mguu, nikaendelea. Nikasema yuko hapa hapa, basi moja tu, katika nyumba ya wazee. Nikasema anaumwa na ugonjwa wa kusahau, na wauguzi wanadhani hana mtu duniani. Nikasema na jina la mtaa. Kisha mmoja akasema la haula, mwingine akaanza kulia, na kabla pilau halijaisha kupakuliwa walikuwa wamekwisha kupanga: kesho Jumamosi, sote, na kila mtu na alichonacho.

Njiani mwenyeji wangu alitazama dirisha la basi safari nzima. Alisema mara moja tu. "Umemvua nguo mbele za watu. Yeye aliyetufundisha kumfunika mtu taulo."

"Nyinyi mlimfunika mpaka uso," nikamjibu. Niliona nimemweza.

Jumamosi walikuja. Lazima niseme walikuja kweli, na walikuja kwa mapenzi. Walijaza lango. Walibeba chupa za chai, mahamri, samaki wa kupaka kwenye sufuria iliyofungwa kwa leso, na mmoja alichukua udi ambao yule msichana wa Kighana alimnyang'anya kwa heshima kwa ajili ya king'ora cha moto. Mwenyeji wangu naye alikuja, akasimama nyuma ya wote. Nilikuwa na furaha. Nilitembea mbele yao kama mama wa bi harusi.

Mwenzetu alikuwa katikati ya ukumbi na taulo zake. Walipomwona, wakaangua kilio. Sijui kama mtu asiye wa kwetu ataelewa: hawakulia kwa kuigiza, hivyo ndivyo tunavyolia tukimwona mtu wetu amekonda. Mmoja alimkumbatia miguu. Mwingine alimshika uso akisema "Umekuwa hivi, dada, umekuwa hivi!" Na bibi mmoja, mkubwa kuliko sote, alijikalisha kwenye kiti, akafungua kitabu, akaanza kusoma Yasini, sura isomwayo kwa wagonjwa na kwa wafu.

Mimi hapo ndipo nilipaswa kuona. Wanawake wetu, wote pamoja, mitandio, vilio, vyakula, Yasini. Mtu wa pwani hata akisahau jina lake, hilo halisahau.

Alinishika mkono. Hakujua mimi ni nani, ila alijua nasema Kiswahili. "Nani kafa?" akaniuliza.

"Hakuna aliyekufa. Wamekuja kukutazama."

"Mbona wasoma Yasini?"

Hakungoja jibu. Aliwatoka mikononi akaanza kuzunguka viti. Alimgusa shingo bibi wa dirishani, akangoja, akamwacha. Akamgusa wa sweta ya kijani. Akamfuata mzee mmoja aliyekuwa amelala mdomo wazi, akaweka kiganja puani kwake. Alipita kwa wote kwa ustadi wake wote, akitafuta maiti. Wenye akili zao walianza kuogopa. Bibi mmoja akapiga kelele. Alipokwisha wote akasimama, akawatazama wale wanawake wanavyomtazama yeye, yeye tu, kwa macho mekundu. Nikaona fikra inamwingia.

"Ni mwanangu," akasema. "Mmekuja kunambia mwanangu."

Tulisema hapana. Tulisema sote kwa pamoja, na kadiri tulivyosema ndivyo alivyosadiki, maana ndivyo watu wasemavyo. Alijipiga kifua. Aliita jina la mwanawe, akakaa chini sakafuni juu ya taulo zilizotawanyika, akalia kilio cha mfiwa. Binti alikuwa kazini ghalani na simu zao hufungiwa kwenye makabati. Mpaka akapatikana, mpaka akafika kutoka Hayes, ilikuwa alasiri, na mamake hakumtambua. Alimwambia, "Pole nawe, mamangu. Ulimjua?"

Wanawake walifunga sufuria zao. Wengine walikuwa wamepiga picha mapema, kabla ya vurugu. Nje, kwenye kituo cha basi, nilisikia mmoja akisema, "Maskini, kaisha." Na mwingine, "Mungu amchukue tu apumzike."

Binti alinipigia simu kesho yake. Nilijitayarisha kwa Kiingereza, nikawa na majibu yangu yote tayari. Lakini alisema kwa Kiswahili, kizito, kila neno analitafuta, na sijamsikia tena akikisema tangu siku ile.

"Anti, mimi nilikuwa kwenye zulia. Nilikuwa nasikia. Mlisema mtoto wa hivyo ni mnyama. Kila wiki mlisema. Mama alisema. Mimi ningewaambia nini? Kwamba mnyama ni mimi?"

Mimi ni mwanamke wa majibu. Nilichoweza kusema ni kwamba nilitaka aonekane na watu wake.

"Sasa ameonekana," akasema.

Hakunikataza kwenda, na hilo namshukuru. Nilikwenda siku zote zilizobaki. Mwenzangu alikuwa amekwisha kusahau ile Jumamosi, au labda ilibaki mahali fulani, kwa sababu kila mlango ulipofunguka alisimamisha kazi akatazama nani anaingia na wangapi. Halafu alinikalisha, akanipa chai, akanisikitikia kwa mwanangu asiye na haya. Nilijifunza kumkubalia. Nilimlaumu huyo mwanangu ambaye sina, naye akafurahi kupata mwenzake wa kusengenya.

Ila nilikuwa nikingoja wale wengine. Niliwaza, haya, mara ya kwanza tumekosea, tumekwenda kwa vishindo. Sasa mmoja mmoja watakuja, kimya kimya, na sabuni na maneno mawili ya kwetu. Basi linapita mlangoni. Hakuja mtu. Nilimuuliza mmoja wao dukani, akaniambia kwa upole, "Si tushamtazama, dada?" Deni limelipwa. Nilimuuliza mwenyeji wangu, naye sasa hana tena siri ya kulinda wala wa kumkwepa. Akasema moyo wake hauwezi.

Nimerudi Mombasa. Watu huniuliza kama najuta, nami huwajibu vibaya. Bado nasema kwamba mtu hafichwi. Bado nawakasirikia waliomficha, na waliokuja mara moja, na mimi niliyedhani kujua ndiko kulikokosekana. Hasira hii haina pa kwenda, inakaa nami kama mpangaji.

Juzi mwenyeji wangu alinipigia. Anamwoza mwanawe wa kiume, alikuwa na furaha, anapanga vyakula, anahesabu vyungu. Akafika kwenye pilau, akashusha pumzi. "Lakini pilau, shoga, nani atalipika? Hakuna aliyelijua kama marehemu."

"Marehemu gani?"

Akarudi kwenye hesabu ya vyungu.

"Marehemu gani?" nikarudia. "Nimezungumza na nyumba ile leo asubuhi. Bintiye aliniruhusu, nami huwapigia kila wiki. Amekula vizuri, amekunja taulo, na ameuliza zamu yake inaisha saa ngapi."

"Astaghfirullah, ulimi umeteleza," akasema. Nilisikia kwamba ameona haya kweli. Akatafuta neno la kunituliza, akalipata, akalisema kwa mapenzi yake yote, yeye aliye basi moja tu kutoka mlango ule, akaniambia mimi niliye huku ng'ambo ya bahari:

"Ukiwapigia tena, nisalimie."